Kalibu ya Mheshimiwa

Mungu akishamnyang'anya mtu meno, anayemrudishia ni Mama Meno. Si daktari. Daktari ni yule wa chumba cha mbele, mwenye koti jeupe na maneno ya kubembeleza. Mama Meno alikaa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na choo, penye dirisha dogo, meza iliyopigwa bati, kijiko cha kuyeyushia nta, na rafu iliyojaa vinywa vya plasta vya watu ambao hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa fizi tu. Barabarani akikutana na mtu anacheka, macho yake yalikwenda mdomoni kwanza, na mara nyingine aliyatambua meno yake mwenyewe yakipita kwenye umati yamevaa mtu mwingine. Alikaza mwendo akapita kimya. Kazi ile haitaki mdomo.

Kazini hakuna aliyemsumbua. Tatizo lake lilikuwa nyumbani, limekaa kwenye kochi, limeshika rimoti.

Tatizo hilo lilikuwa baba mkwe wake, dereva wa treni mstaafu, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe na ambaye bado aliamini kwamba dunia nzima inatakiwa ikae kwenye reli na iondoke kwa saa. Mtu akichelewa kuingia chooni asubuhi, mzee alisikika akikohoa mlangoni kama injini. Chai ikichelewa, alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama mkamwana wake, kisha saa tena.

"We mkamwana, hiyo sufuria inasuguliwa hivyo au unaipapasa?"

"Njoo usugue, Baba."

"Mimi ni mgeni humu."

"Mgeni gani anajua mpaka chumvi imebaki kiasi gani?"

"Mgeni mwenye macho."

Zamani haikuwa hivi. Zamani, kila Jumamosi, mzee aliamka kabla ya jogoo kusafisha koo, akabeba fimbo yake ya kuvulia na kwenda kwenye bwawa la maji ya mji, nyuma ya kituo cha pampu. Alirudi jioni ananuka tope, ana samaki wawili watatu na furaha ya kuwatukana wavuvi wengine mpaka Jumatano. Alhamisi na Ijumaa aliandaa nyuzi. Nyumba ikapumua. Mama Meno alikuwa na kochi lake, na mumewe, fundi wa mabomba, mtu mpole aliyerithi kila kitu kwa baba yake isipokuwa sauti, alikuwa na amani.

Kisha Mheshimiwa wakaisha.

Mheshimiwa hakuwa mtu. Alikuwa chambo bandia, kifunza cha plastiki laini chenye urefu wa kidole cha kati, rangi ya chai iliyokolea, tumbo bapa, mgongo wa pingili pingili, na mkia mwembamba uliojikunja kama mundu. Ukimvuta majini mkia ule ulicheza kama una deni na mwili. Mzee ndiye aliyempa jina hilo. "Anatikisika sana," alieleza, "hasemi kitu cha maana, ndani hamna kitu, na bado wanamfuata mpaka wanakufa."

Duka lililowauza lilifungwa. Mzee aliwatumia wale wa akiba mmoja mmoja. Wengine waliraruliwa na samaki, wengine walinasa kwenye visiki, na mabaki yao, vichwa bila mikia na mikia bila vichwa, aliyaweka kwenye chupa ya jemu. Akabaki mmoja. Huyo hakumtupa majini. Alimfunga kwenye kitambaa, akamweka ndani ya kopo la dawa, akaliweka kopo mfukoni, akakaa kwenye kochi.

Mwanawe alimnunulia aina nyingine, za kijani na za waridi. Mzee alizitazama kama mtu aliyeletewa kandambili arusini.

"Siwezi kuvua na kitu chenye rangi ya kucha za mwanamke."

"Si ujaribu tu, Baba?"

"Jaribu wewe."

Basi akakaa. Mwanzoni ilikuwa kero, baadaye ikawa kitu kingine. Alianza kusinzia mchana. Aliacha kukohoa mlangoni pa choo. Siku moja Mama Meno aliunguza maharage mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna usalama, na mzee hakusema neno. Hapo ndipo mkamwana alipoogopa.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameshasikia. Alipiga simu, akaweka ile sauti yake ya kufungua mkutano.

"Nasikia Baba amekonda."

"Hajakonda, wifi. Amenyamaza."

"Kwa baba yangu ni kitu kilekile. Jumamosi nakuja kumchukua. Hapa kwangu kuna chumba, tutaondoa nguo za pasi kitandani."

Wifi alikaa mji mwingine, ghorofa ya nne, mahali ambapo maji ya karibu yalikuwa ya mtungi. Mzee aliposikia alisema "Haya," basi. Neno moja. Mtu ambaye angeweza kubishana na kengele ya mlango.

Sasa, Mama Meno alikuwa ameomba dua nyingi kuhusu lile kochi, na baadhi hazifai kurudiwa mbele ya watu. Alitaka mzee aondoke sebuleni. Lakini kuondoka sebuleni ni jambo moja, na kuondoka kama mzigo uliofungwa kamba ni jambo jingine. Na ilimuuma kuona kwamba mtu mzima anazimika kwa kukosa kitu ambacho yeye, fundi wa vitu bandia, angeweza kukitengeneza kwa mikono yake. Kama mtu anaweza kunakili taya la binadamu na ubishi wake wote, atashindwa funza?

Alilisema mezani, wakati wa chakula.

"Baba, nipe Mheshimiwa. Nitamtengenezea kalibu ya silikoni. Halafu tunayeyusha yale mabaki ya kwenye chupa, tunamwaga ndani, tunapata wengine wapya kama yeye."

Mzee aliacha kutafuna. "Umpeleke wapi?"

"Simpeleki popote. Hapahapa jikoni."

"Na akiharibika?"

"Hataharibika."

"Nimeuliza akiharibika."

"Baba, kwa nini usimwamini?" mumewe akaingilia. "Anatengeneza meno, sembuse mnyoo."

"Meno ya watu yakiharibika wanarudi kulalamika. Huyu hana mdomo." Mzee alitoa kopo, akaliweka mezani, akaacha kiganja juu yake. "Akiharibika huyu, nakwenda kwa dada yako na sirudi hata kuzikwa."

Akaondoa kiganja.

Mumewe, mtu wa kusaidia kabla hajaombwa, alikuwa na jibu tayari. Alileta bomba la silikoni ile ya kuzibia madirisha na sinki, ile inayonuka siki. "Silikoni si silikoni? Hii ninayo debe zima."

Mama Meno hakumgusa Mheshimiwa. Alichukua kifuniko cha kalamu cha kujaribia, akakiweka ndani ya kikombe kilichokatwa, akajaza silikoni ya mumewe mpaka juu. Kesho yake juu ilikuwa imekauka vizuri, ngozi safi kabisa. Mumewe akatabasamu. Kesho kutwa Mama Meno aliipasua kwa kisu. Ndani ulikuwa uji. Silikoni ile inaganda kwa kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo inaanzia nje kama mkate, na ikishajifungia ngozi, kilicho ndani kinabaki mbichi mpaka wajukuu wazae.

"Basi ni ya sinki," alisema mumewe kwa heshima.

"Ni ya sinki, baba watoto."

Zikabaki silikoni mbili, na hizo mbili alizijua kama mwanamke anavyowajua wanaume wawili waliowahi kumposa.

Ya kwanza ni ya bati. Huitwa hivyo kwa sababu dawa inayoigandisha ina bati ndani yake. Hiyo ni mume wa kawaida. Haichagui. Utaimwaga juu ya udongo, mbao, chuma, hata juu ya kidole chako, itaganda na kukushukuru. Lakini inasinyaa kidogokidogo kadiri siku zinavyokwenda, na ukiimwagia plastiki ya moto kila wiki inazidi kuwa ngumu, inaanza kumeguka pembeni, na siku moja unaitazama na huoni tena ulichokipendea.

Ya pili ni ya platinamu. Hiyo ni bwana wa suti. Haisinyai, haibabaiki kwa moto, inakumbuka kila mkunjo mpaka alama ya kidole. Lakini ina maringo. Ikihisi salfa, au glavu za mpira wa kawaida, au hata ikipita mahali ile ya bati ilipokaa, inanuna. Na ikinuna haigandi. Inabaki inakutazama kama ute.

Alikwenda kwanza kwenye duka la vifaa vya plasta, wanakonunua watu wa kupamba dari. Muuzaji alimwekea kopo la ya bati kaunta.

"Hii inafaa kila kitu, mama."

"Inastahimili plastiki ya moto?"

"Hata moto wa jehanamu."

"Umeijaribu?"

"Bado, nasubiri zamu yangu."

Alibonyeza kipande cha mfano kati ya vidole. Silikoni ya kalibu ikiwa laini mno, kalibu inavimba tumbo ukimwaga, na chambo kinatoka kimenenepa. Ikiwa ngumu mno, kile kimkia chembamba kitakatika siku ya kukitoa. Mama Meno alikuwa na kipimo chake: alibonyeza mfano, kisha akabonyeza ndewe ya sikio lake. Vikilingana, sawa. Vililingana karibu. Aliichukua kopo dogo, ya tahadhari, akaiweka juu ya kabati kama mchumba wa akiba.

Maana moyo wake ulikuwa kwa platinamu. Ndiyo aliyofanya nayo kazi kila siku kunakili vinywa vya watu, na daktari alikuwa amemwambia abebe kopo moja lililokuwa linakaribia kuisha muda wake. Aliijaribu kwa kifuniko kingine cha kalamu. Ilitoka kalibu safi mno, hata maandishi madogo ya kiwandani yalisomeka. Akaimba kidogo. Mzee kutoka kochini akasema, "Kuna mtu anaumwa jikoni?" Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi, na Mama Meno alilihesabu kuwa dalili njema.

Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alisugua meza. Alivaa glavu za buluu za kazini, si zile za mpira. Alichukua kipande cha kioo, akampaka Mheshimiwa ukungu wa nta tumboni ili ashike, akamlaza mgongo juu. Akamzungushia boksi la maziwa lililokatwa, akaziba pembe kwa nta. Akachanganya sehemu mbili, akakoroga polepole bila kupiga, akamimina kutoka juu, uzi mwembamba, kwenye pembe moja tu, ili silikoni ipande yenyewe na kusukuma hewa mbele yake. Mheshimiwa akazama taratibu. Mkia ndio ulikuwa wa mwisho kuonekana.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Anaonekana kama anazikwa."

"Anapigwa picha, Baba. Kaa utulie."

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja jikoni na mkoba ukiwa begani. Mzee alikuwa ameshakaa kwenye stuli, mikono magotini. Kwa nje kalibu ilikuwa imara. Mama Meno aliondoa boksi, akapindua, akaanza kuvuta pembeni.

Ilifunguka kwa sauti ya busu la mtoto mwenye mafua.

Pote mbali na Mheshimiwa silikoni ilikuwa imeganda vizuri. Lakini pale ilipomgusa yeye, na pale tu, ilikuwa mbichi. Mheshimiwa alitoka amefunikwa kamasi nene kutoka kichwani mpaka mkiani, nyuzi zikining'inia, na lile shimo alilokuwa amelala lilikuwa dimbwi lisilo na sura.

Kisha mumewe, aliyekuwa anapita na bisibisi mkononi, akasema kwa nia njema:

"Nilete thina?"

"Weka thina kwake ayeyuke wote tumalize kabisa!" Mama Meno alifoka. "Toka, nenda kwa sinki zako."

Mzee aliinuka. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Nilisema," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea na nafsi yake. "Nikasema. Haya. Mpigie simu wifi yako, mwambie hata Ijumaa aje."

"Baba, ngoja."

"Ningoje nini? Atapiga chafya?"

Mama Meno alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alikuwa anahesabu watuhumiwa kichwani. Glavu? Za buluu. Bakuli? Jipya. Ile ya bati? Iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Nta? Ni ileile ya kila siku. Kwenye kifuniko cha kalamu iliganda, kwenye mnyoo haikuganda. Kwa hiyo mwenye hatia ni mnyoo mwenyewe. Alimwinua kwa kibano, akamfuta kidogo, akamleta puani.

Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Baba."

"Nini."

"Huyu ananuka kitunguu saumu."

Mzee alitazama dirishani.

"Baba, nakuuliza kwa adabu zote. Mheshimiwa ananuka kitunguu saumu kwa nini?"

"Nitajuaje? Jikoni kwako kila kitu kinanuka."

"Jikoni kwangu kitunguu saumu hakikai! Nanunua, kinapotea. Miaka yote hii namgombeza mume wangu kwamba anatafuna vitunguu kwa siri, maskini ya Mungu, anakataa mpaka machozi yanamtoka!"

Kutoka barazani sauti ikasema, "Nilikwambia!"

"Wewe nyamaza huko," mzee akafoka, na sasa sauti ilikuwa imerudi, imerudi na mabehewa yake yote. Alimgeukia mkamwana wake. "Haya, nampaka. Nampaka! Kila Jumamosi kabla ya kutupa, punje moja, naiponda kwa kidole, nampaka kuanzia kichwani. Samaki wanakipenda. Umefurahi? Wale majuha wote pale bwawani wameniuliza miaka na miaka, Mzee wa Reli, siri yako nini, nikawaambia ni mkono. Ni mkono! Sasa nenda katangaze, mwambie na daktari wako, mzee hana mkono, ana kitunguu."

Akaketi tena kwenye stuli, kama mtu aliyevuliwa kofia hadharani.

Mama Meno alitaka kucheka, na kicheko kilimfika mpaka kwenye fizi. Lakini aliuona uso wa mzee, akakimeza.

"Kitunguu saumu kina salfa," alisema taratibu. "Ndiyo ile harufu yake. Na platinamu ikikutana na salfa haigandi. Ningeuliza kwanza. Nimekosa mimi, nilimpima funza nikasahau kumpima mwenye funza."

"Msafishe basi, urudie."

"Siwezi na platinamu. Plastiki laini inakunywa mafuta. Umempaka miaka, Baba, kimeingia mpaka kwenye roho. Lakini ipo ile nyingine." Akainua macho juu ya kabati. "Ya bati haina maringo. Haijali kitunguu, haijali salfa."

"Itadumu?"

"Haitadumu kama ile. Itasinyaa, tutatengeneza nyingine. Lakini itaganda."

Mzee alimtazama Mheshimiwa anayening'inia kwenye kibano.

"Msafishe," alisema. "Halafu safari hii nakoroga mimi."

Ilichukua jioni yote. Alimfuta kwa kitambaa, akamwosha kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, akampiga mswaki laini, ule wa kusafishia meno bandia, pingili moja baada ya nyingine. Kwenye mkia alikwenda polepole. Mkia ule ulikuwa mwembamba kama karatasi, na pale unapoanza kulikuwa na mpasuko mdogo ambao jana haukuwepo. Mzee aliuona. Mama Meno alijua ameuona. Wote wawili wakajifanya hawajauona.

Kioo kipya, boksi jipya, bakuli jipya. Mzee alivua saa yake, akailaza mezani, akakoroga ile silikoni ya bati kwa kijiti huku midomo yake ikihesabu, na mwanawe alipochungulia aliambiwa apotee maana treni iko njiani. Kilichokuwa kikinuka safari hii hakikuwa kitunguu tu. Ile ya bati ina harufu yake, kama chumba cha fundi viatu. Mama Meno akamimina, uzi mwembamba, pembe moja. Mheshimiwa akazama mara ya pili.

Ijumaa jioni waliifungua. Mzee alitaka kuvuta mwenyewe, kisha akakataa, kisha akageuka ukutani, akasema "Vuta." Ilifunguka kavu. Mama Meno alipitisha kidole ndani ya lile shimo: pingili, pingili, pingili, na mwishoni mundu mdogo, kamili. Akamtoa Mheshimiwa mzima. Ule mpasuko wa mkiani ulikuwa umeacha alama yake pia kwenye kalibu, mstari mwembamba kama unywele.

"Wote watazaliwa na kovu," alisema mzee.

"Wamefuata babu yao."

Kuyeyusha walifanya nje, kwenye jiko la gesi, upepo ukiwa mgongoni, maana moshi wa plastiki ile si wa kuvuta. Vichwa na mikia ya miaka vilizunguka kwenye kisufuria kibovu mpaka vikawa kitu kimoja, kizito kama asali, cheusi kidogo kuliko chai. Wa kwanza alitoka na chunusi mwili mzima. Wa pili hakuwa na mkia. "Huyu ni wa upinzani," mzee akasema, akamrudisha kwenye sufuria. Wa tatu Mama Meno aliipasha kalibu kwanza, akamimina kuanzia mkiani bila haraka, na alipomtoa na kumtikisa, yule funza akacheza kiganjani kama ana deni jipya.

Mzee alimshika. Akamtikisa. Akamtikisa tena karibu na jicho. Halafu akaingia ndani, akapita kochi bila kuliona, na wakamsikia uvunguni mwa kitanda chake akitukana, anatafuta viatu vya tope.

Jumamosi wifi alifika mapema, amevaa vizuri, na kumkuta baba yake mlangoni amebeba fimbo mbili.

"Baba! Basi letu ni la mchana. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa."

"Mbona na fimbo?"

"Tutaongea huko."

"Huko wapi? Wifi, huko wapi?"

"Vua viatu hivyo, wifi," alisema Mama Meno, akimpa kandambili. "Kuna tope."

Mzee alipokuwa anainama kufunga kamba za viatu, Mama Meno alisogea kumnyoosha kola, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipoondoa mkono mfuko wa shati la mzee ulikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi.

Pale bwawani wavuvi wa kila siku walimsalimia kwa matusi ya heshima. Mmoja alisema walishamtangaza kwamba amefariki. Mzee akamwambia alikuja kuhakikisha kama wamemlia vizuri. Alifunga ndoana, akamvalisha mmoja wa wale wapya, kisha akapapasa mfuko wa shati akitafuta miwani. Akatoa ile karatasi. Akaifungua. Punje moja ya kitunguu saumu, imemenywa tayari.

Alimtazama mkamwana wake. Mama Meno alikuwa anatazama kituo cha pampu kwa makini, kana kwamba ameajiriwa kukilinda.

Wavuvi walikuwa wanaangalia. Mzee alisimama na ile punje kiganjani, na kwa muda ilionekana kama angeirudisha mfukoni. Kisha akaiponda kwa kidole gumba, mbele ya kila mtu, akampaka funza kuanzia kichwani mpaka mkiani, bila kujificha.

"Baba," wifi alisema, "unapika au unavua?"

"Sogea, utanaswa sikio."

Akarusha. Mheshimiwa mpya alipita hewani, akadondoka mbali, pete za maji zikafunguka zikafika mpaka ufukweni. Mzee alizungusha uzi polepole, akapumzika, akazungusha. Hakuna kitu. Akarusha tena. Hakuna kitu. Wifi alitazama saa yake. Mvuvi mmoja alianza kusema jambo kuhusu saladi, na hapo fimbo ikapinda.

Ilipinda mpaka ncha ikabusu maji. Mzee alipiga ukelele ambao Mama Meno hakuwa ameusikia tangu mwaka uliopita, akarudi nyuma, akamkanyaga binti yake, akamlaumu binti yake kwa kukanyagika, akamtukana samaki, akamtukana aliyemzaa samaki, akamwita mkamwana wake alete wavu, akamwambia si hivyo, si hivyo, kwani ulizaliwa jangwani? Mama Meno aliingia majini na sketi yake yote. Kambare alitoka anameta, mdomo mpana, na pembeni mwa mdomo kile kimkia chenye kovu bado kinacheza.

Wifi alikuwa ameketi kwenye tope, kandambili moja haionekani. Alimtazama baba yake anavyorukaruka. Kisha akafuta mkono kwenye gauni lake zuri, akatoa simu.

"Ee, baba watoto," alisema. "Kile kitanda. Zile nguo za pasi umeshaziondoa? Basi zirudishe. Hapana, haji. Hapana, hajaumwa, ningekuwa na muda ningekueleza—"

"Punguza sauti!" mzee akafoka, tayari anampaka funza kitunguu kingine alichompokonya mkamwana wake mkononi. "Unawafukuza samaki!"